Waliokula Nguzo

Asubuhi vipaza sauti vya mjini vilipotangaza kwamba ardhi imewakumbatia wanawake wa mgodi wa chumvi, Sikudhani binti Mwatime alikuwa amesimama mlangoni pake, mswaki mdomoni. Akatema. Si povu alilolitema, ni lile neno. Imewakumbatia! Kana kwamba dari la mgodi lilikuwa shangazi aliyerudi safari. Kana kwamba Mashavu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyetoka jana yake na sururu begani na kipande cha muhogo kwenye pindo la kanga, alikuwa amekwenda kupokewa.

"Limewaua," alisema kwa sauti, peke yake, akikitazama kipaza kilichotundikwa juu ya ukuta wa jirani. "Dari limewaangukia likawaua. Semeni hivyo."

Kipaza kikarudia mara ya pili. Kikarudia mara ya tatu. Na ilipofika mara ya tatu, likawa.

Maana katika mji ule, ambao jina lake lilikuwa limebadilishwa mara nyingi mno hata likachakaa na hakuna aliyelitumia tena, mfano uliotamkwa mara tatu na kipaza cha Baraza haukubaki kuwa mfano. Ulishika. Zamani walisema nchi ni nyumba na Mkuu wake ni Paa, na watu wakaanza kufuta nyayo langoni mwa mji, na shingo zao zikasahau kutazama juu, kwani aliye ndani ya nyumba atazame juu atafute nini? Tena walisema wakati ni mto uliokwisha kuvukwa. Saa zote zikajaa maji, kalenda zikalowa ukutani, na tangu hapo hakuna aliyejua ana umri gani. Sikudhani mwenyewe aliamka siku nyingine na magoti ya bikizee, na siku nyingine na pengo la jino la utotoni. Alikwisha kuyazoea hayo. Mtu huzoea mengi anapoambiwa kwa sauti tamu.

Lakini hili hakulizoea. Alitoka nje akawaona mama wa wachimba chumvi, waliokuwa wakilia tangu alfajiri, wamenyamaza ghafla barabarani. Machozi yalikuwa yakirudi machoni, yakipanda mashavuni kuelekea yalikotoka. Nyuso zao zililegea, zikatabasamu. "Wamekumbatiwa," mmoja alimwambia mwenziwe, kama anayesimulia harusi. Wakaanza kwenda makwao kupika.

Sikudhani alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alikuwa mtambaji wa hadithi, kama mama yake Mwatime aliyekuwa mtambaji kabla yake. Maisha yake yote aliishi kwa kuvifananisha vitu. Mama yake alimfundisha kwamba mfano ni mlango: unamfungulia mtu, anaingia mahali asipoweza kufika kwa miguu, anaona, kisha anatoka mwenyewe akiwa anajua zaidi. Mfano usio na mahali pa kutokea, Mwatime alikuwa akisema huku akipeta mchele, huo ni mtego, na anayeutega mwite mwindaji, usimwite mtambaji. Na sasa hawa! Wamechukua kazi ya mama yake, wamechukua ufundi wa watu waliokaa vizazi na vizazi wakitafuta neno moja la kumfanya mtoto aelewe kifo bila kuvunjika moyo, wakaugeuza kuwa gundi ya kufungia vinywa.

*

Mchana kipaza kilisema jambo la pili.

Kule mgodini palikuwa na wanawake ambao hawakusikia tangazo la asubuhi, kwa sababu kipaza cha huko kilifunikwa na kifusi. Hao waliendelea kulia, na kwa kuwa waliendelea kulia waliendelea kuchimba, kwa mikono, kwa sufuria, kwa vipande vya mbao. Kazi iliongozwa na Bi Mishi, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye binti yake Zaituni alikuwa chini. Waliomba majembe. Waliomba kujua dari lililosimama miaka yote liliangukaje. Kwa swali hilo la pili, Baraza lilikasirika.

"Kuna mchwa," kipaza kilisema, "wanaotafuna nguzo za nyumba yetu. Wako mgodini." Kikasema tena. Kikasema tena.

Sikudhani alikimbia hadi mgodini, na alipofika aliyaona mabadiliko yameanza. Ngozi za wale mama zilikuwa zikipauka. Migongo ilikuwa ikiinama, na ukiwatazama kwa pembe ya jicho uliona kundi la vitu vidogo vyeupe vikihangaika juu ya tundu. Ukiwatazama moja kwa moja, uliona Bi Mishi na wenziwe. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuwatazama kwa pembe ya jicho.

Mchwa! Fikiri. Mtu akiitwa mwizi, hushtakiwa, na anayeshtakiwa hupewa nafasi ya kusema. Akiitwa adui, hupiganwa naye, na hata adui huweza kupatana na mwenzake. Lakini mchwa nani akae naye kikao? Mchwa hapewi wakili. Mchwa hana mama wala binti. Mchwa hupuliziwa dawa, basi, na anayempulizia hulala usingizi mzuri, akajiona amelinda nyumba. Neno moja tu, silabi mbili, na tayari nusu ya kazi ya kuua imekwisha kufanyika. Kilichobaki ni mkono kufuata ulimi. Ni nani alikaa kitini, akanywa chai, akalichagua neno hili katikati ya maneno yote?

Alimjua. Ndiyo maana hasira yake ilikuwa na uchungu ndani.

*

Msemaji wa Baraza aliitwa Badi. Alikuwa yatima aliyelelewa na Mwatime, akajifunza hadithi kwenye mkeka uleule aliojifunzia Sikudhani. Hata baada ya kupanda cheo hakuacha kumwita Sikudhani dada. Alimpokea ofisini kwake kwa adabu, akamvutia kiti, akamwagizia chai. Sikudhani hakukaa.

"Shikamoo, Da Siku."

"Sikuitikii. Mwanamke anamchimba mwanawe kwa sufuria, wewe unamwita mchwa?"

Badi alifunga mlango taratibu. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. "Nisikilize kwanza. Baraza lilitaka kuwaita waasi. Waasi wangepigwa risasi papo hapo. Mimi nikatafuta neno la kuchelewesha. Dawa ya mchwa inachukua muda kuandaliwa. Nimekununulia siku nzima."

"Siku ya nini?"

"Ya kuwaokoa. Kesho ni Sikukuu ya Paa. Watu wote watakuwa uwanjani, na hao mama wataletwa pia, kwa lazima. Vipaza vimewapita, sauti ya chuma haiwaingii tena. Yako wewe itawaingia. Panda jukwaani, watambie hadithi ya ardhi. Mama aliyewaita binti zake nyumbani, akawafunika shuka nyeupe ya chumvi. Unajua jinsi ya kuipamba. Wakishatulia, watakwenda makwao kwa hiari, na dawa haitapuliziwa. Usipopanda..." Alinyoosha kidole dirishani. Uani, askari wa Baraza walikuwa wakijaza mabomba ya kupulizia.

"Mashavu yuko mle chini, Badi. Aliyekubeba mgongoni ulipougua surua."

"Najua."

"Sema basi. Sema amekufa."

Msemaji alifungua kinywa. "Amepumzika," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. Aliogopa kwamba hakuweza kusema lile jingine hata alipotaka.

"Da Siku," alinong'ona, "wewe na mimi tunafanya kazi moja. Ukisema dari limewaua, mtu atauliza nani aliliangusha. Ukisema ardhi imewakumbatia, atatazama ardhi. Mfano ni kidole. Tunachagua tu kielekee wapi."

"Mama hakukufundisha hivyo."

"Mama hakuwahi kuishi chini ya Paa."

Sikudhani alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumkumbatia, lakini hata neno hilo lilikuwa limekwisha kuchafuliwa. "Nitapanda," alisema, akatoka bila kugusa chai.

*

Nitapanda niseme nini? Nikisema uzuri, nitawaokoa wale mama na kumzika Mashavu mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu. Nikisema ukweli mkavu, watapuliziwa mbele yangu. Je, kuna neno la tatu? Mama, uliniachia maneno mengi, mbona hukuniachia la leo? Mimi ni nani kama si kinywa? Na kinywa kilichokodishwa ni cha nani? Nimefananisha mvua na mwali, njaa na mgeni, usahaulifu na panya. Sijawahi kujiuliza mvua yenyewe ingesema nini kama ingeulizwa. Hapana. Usinipeleke huko. Mvua haikuua mtu hapa. Kuna mkono. Mahali fulani katika hadithi hii kuna mkono wa mtu.

*

Uwanja ulijaa. Watu walisimama wakiwa wameinamisha shingo, kama ilivyokuwa desturi, na mbele kabisa walikusanywa wale mama wa mgodini, weupe, wamejikunja, wamezungukwa na askari wenye mabomba. Nyuma ya pazia, katika kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiona, alikaa Mkuu. Jukwaa lilikuwa jipya, refu, la fahari, limefunikwa kwa vitambaa vya rangi. Badi alisimama pembeni yake, mikono nyuma.

Sikudhani alipanda ngazi. Mguu ulimteleza kidogo kwenye kipandio cha mwisho, akashika gogo lililochomoza chini ya kitambaa ili asianguke. Kiganja kilimkwaruza. Alikitazama: kilikuwa na unga mweupe. Alilamba.

Chumvi.

Akainua kitambaa. Gogo lote lilikuwa limeganda chumvi ya miaka, ngumu kama ngozi ya pili. Akainua cha pili, na cha tatu. Jukwaa zima lilisimama juu ya magogo ya namna hiyo, manene, meupe, yaliyochongwa vichwa kwa ajili ya kubeba dari la mgodi. Alisimama hapo, na ile hasira iliyokuwa ikimchoma tangu asubuhi ya jana haikupungua. Ilipoa tu, ikawa nzito, ikawa kitu cha kushika mkononi.

Akawageukia watu. "Nifungue?"

"Fungua!" uwanja uliitikia, kwa mazoea ya utoto.

"Nikifungua, mtaingia?"

"Tutaingia!"

"Na mtatoka wenyewe?"

Hapo walisita. Hawakuwahi kuulizwa hivyo. Wachache waliitikia, kwa sauti ndogo, "Tutatoka."

"Basi palikuwa na nyumba," alisema Sikudhani, "na nyumba ilikuwa na mchwa. Hilo mmeambiwa. Mchwa wamekula nguzo. Hilo pia mmeambiwa, na mimi silikatai. Nguzo zimeliwa kweli, maana nimekwenda mgodini na sikuona hata gogo moja kwenye kifusi. Sasa mtambaji kazi yake ni kumtafuta mchwa. Bi Mishi!"

Kile kitu cheupe mbele ya uwanja kilitikisika. "Naam," kilijibu, kwa sauti ya kukwaruza.

"Umekula gogo hili?"

Bi Mishi aliinua kichwa. Alilitazama gogo, akaitazama mikono yake iliyochubuka. "Nile gogo kwa meno yapi, mwanangu? Hata mahindi ya kuchoma yananishinda."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Kicheko kilipita uwanjani kwa ghafla, na kilipokuwa kikipita, rangi ilirudi katika nyuso za wale mama, migongo ikanyooka, na askari aliyemwelekezea Bi Mishi bomba aliliteremsha, akashangaa, kwa kuwa mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mwenye umri wa mama yake.

"Hakula," alisema Sikudhani. "Basi gogo la mgodini limefikaje hapa, chini ya miguu yangu? Njooni mlambe! Njooni, msiogope, ni chumvi yenu! Nani alilileta?"

"Mwanamke huyo ashushwe," ilisema sauti nyuma ya pazia. Lakini seremala mmoja katikati ya umati, mtu mfupi aliyekuwa akijificha nyuma ya mkewe, alikuwa amekwisha kuinua mkono.

"Mimi nilipigilia misumari," alisema. "Yaliletwa na malori ya Baraza. Tuliambiwa mgodi hauyahitaji tena. Sikuuliza. Mungu anisamehe, sikuuliza."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Badi zaidi ya yote, kama alivyokuja kukiri baadaye. Watu waligeuka tu, wote, wakaanza kutembea kuelekea mgodini, na njiani wengine waliingia majumbani wakatoka na majembe.

*

Walichimba mchana kutwa. Baraza lilipeleka kipaza kipya, kikafungwa juu ya lori ukingoni mwa shimo, na sauti ya Badi ikatoka humo, kavu, bila pumzi. "Yule Sikudhani ni nyoka."

Sikudhani alikuwa ndani ya shimo, akipokea mawe na kuyapitisha. Alihisi ulimi ukiwasha, kisha ukaanza kuchanika katikati. Baridi ilimtambaa mgongoni.

"Sikudhani ni nyoka," kipaza kilisema mara ya pili. Ulimi wake ulikuwa tayari vipande viwili mdomoni. Alitaka kuwaambia wenzake, sauti ikatoka mluzi. Alijua ya tatu ikija hataweza kusema tena neno la binadamu.

Bi Mishi hakuinua hata uso kutoka kwenye sururu. "Anaitwa Sikudhani," alisema. "Binti Mwatime."

"Anaitwa Sikudhani," alirudia seremala.

"Sikudhani binti Mwatime," wakasema waliokuwa kwenye mstari, kila aliyepokea jiwe akalisema na kulipitisha, jiwe na jina, jiwe na jina, hadi mstari wote ulikuwa ukisema jambo moja. Kipaza kilitamka mara ya tatu, ndiyo, wote walisikia. Lakini neno lilifika likakuta mahali pake pamejaa. Ulimi ukaungana. Alionja damu kidogo, akaimeza.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipompata Mashavu. Alikuwa amelala ubavu, mkono umeshika pindo la kanga. Watu walijitenga kidogo, wakimtazama Sikudhani, wakingoja. Walitegemea mtambaji atasema kitu. Naye alikitafuta, kwa mazoea tu: nyota, ua, mwali aliyelala. Kila kilichokuja alikisukuma kando kwa hasira, kama anayefukuza nzi usoni pa mtu wake.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Amekufa. Alikuwa akichekea puani."

Hapo ndipo mama waliokwenda makwao kupika, waliokuwa wamekuja wakitabasamu bado tabasamu lile lililobandikwa, walivunjika, na kilio kilitoka katika shimo kikafika mjini.

*

Kesho yake, baada ya maziko, walipanda wote hadi Jumba la Baraza. Askari walikuwepo, baadhi yao walikuwa na dada mle mgodini, na lango halikufungwa. Mtu alimshika Sikudhani mkono. "Utawatambia nini?"

"Sitambi. Leo nauliza."

Badi alitokeza barazani. Hakuwa na kipaza. Bila chuma, sauti yake ilikuwa ndogo, ya yule yatima wa mkekani.

"Nani aliamuru magogo yang'olewe?" Sikudhani aliuliza.

Badi aliutazama umati. Alilamba midomo. "Ilikuwa kama vile nyumba inapo..."

"Aka!" Bi Mishi alimkata. Alikuwa bado na udongo wa kaburi la Zaituni kwenye kucha. "Usituambie ilikuwa kama nini. Tuambie ni nani."

Msemaji alishika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili, akafumba macho, na neno lilimtoka kwa taabu, kama mtu anayejifunza kusema.

"Mimi niliandika tangazo. Amri ilitoka kwa Mkuu."

"Mkuu ni cheo," alisema Sikudhani. "Ana jina?"

Watu walitazamana. Aliitwa Paa kwa muda mrefu mno. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba chini ya paa lile palikuwa na mtu aliyepewa jina siku moja na mama yake. Badi akalitaja, polepole, nusunusu. "Kombo. Kombo wa Mize."

Bi Mishi akatoa sauti iliyokuwa baina ya kicheko na kwikwi.

"Kombo wa Mize? Yule aliyekuwa akiogopa mbuzi? Huyo mbona namjua mimi, alikuwa jirani yetu." Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaanza kupanda ngazi. "Twendeni tukamuulize."